Siku Niliyompa Baba Mdogo Malkia

Vijana wa stesheni,

Siku mliyoniaga, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema Mama Zuhura ni maktaba inayotembea, na aandike kabla maktaba haijaungua. Nilimshukuru, ingawa hilo la kuungua sikulipenda sana. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache. Mshahara nao ulikuwa na haya, haukupenda kutajwa mbele za watu. Nitaandika juu ya walionifundisha kazi, na juu ya mchezo wa chesi, ambao wengi wenu mnadhani ni drafti iliyopelekwa shule.

Nilizaliwa Singida mjini, kwenye nyumba ya duka. Babu yangu alipanda kutoka pwani na mizigo ya nguo, akamwoa Mnyaturu wa Mtinko, na safari yake ikaishia hapo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha babu wageni wakiwapo, na Kinyaturu bibi akikasirika. Duka lilikuja kushikwa na Baba mdogo Hamisi, mdogo wake baba yangu. Huyo ndiye aliyenionyesha chesi nikiwa mtoto. Yeye aliiita sataranji, kama babu. Alicheza jinsi alivyouza kanga: kila kilichokuja mbele yake alikichukua, na chake hakukitoa. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwona akikataa kitu cha bure. Akimtembelea mgonjwa, alikunywa uji wa mgonjwa.

Alinifunga kila mara, kisha ananiambia, "Wewe Zuhura una mkono mwepesi. Mkono mwepesi haufai dukani."

Nilimwamini, nikaenda kuomba kazi reli.

Walinipanga Manyoni. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana, nikamkuta steshenimasta, Mzee Malogo, Mgogo mrefu mwenye sauti ya chini, anapanguza taa ya ishara kwa kitambaa kama anayemwogesha mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuuza tiketi?"

"Sijui."

"Vizuri. Wanaojua ndio wananisumbua."

Akanionyesha vyombo vyangu. Mashine ya kugonga tarehe kwenye tiketi, iliyokuwa na tabia ya kuuma vidole. Lile sanduku zito la chuma linalotoa tokeni, ile ruhusa ya chuma ya kushika njia, ambayo dereva asipoishika mkononi, treni haiondoki, hata awemo waziri. Simu ya kuzungusha mkono, iliyounganisha stesheni zote za upande wetu pamoja na kontrola, bwana mkubwa aliyekaa mbali akipanga treni ipi ipite na ipi isubiri. Mwisho akanionyesha ubao wa chesi uliokuwa juu ya kabati. Kete zake zilikuwa za mti mzuri, isipokuwa askari wawili waliokuwa vizibo vya soda na tembo mmoja aliyekuwa kizibo cha wino. Mzee aliachiwa ubao huo na karani mmoja Mgoa aliyehama na kuacha kila kitu isipokuwa mke.

"Hiki nacho ni chombo cha kazi?" nikamuuliza.

"Treni ikichelewa, ndicho chombo pekee kinachofanya kazi."

Na treni zilichelewa, vijana. Mzee Malogo alicheza na Bwana Mkumbo, steshenimasta wa Itigi, kwa simu ya reli. Kila mmoja alikuwa na ubao wake mezani. Mkumbo alikuwa Mnyiramba wa Ulemo, mtu wa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Walikuwa na sheria moja: treni ikiwa kati ya stesheni na stesheni, hakuna kutaja chesi. Treni ikiingia stesheni, tokeni ikirudi sandukuni, ndipo simu inalia.

"Itigi, farasi wangu anapanda."

"Nimemwona, Manyoni. Anakanyaga shamba la watu."

Siku moja katikati ya maneno hayo ikaingia sauti ya tatu. Alikuwa kontrola. "Manyoni, hao farasi mnaowataja kila siku wanasafirishwa kwenda wapi? Sijaona kibali cha mifugo."

Mzee Malogo hakubadilisha sauti. "Hakuna mzigo, bwana kontrola. Farasi wa Itigi amekwisha kufa."

"Amekufa kwa ugonjwa gani?"

"Tamaa, bwana."

Kontrola akakata simu. Tulikaa juma zima tukisubiri barua ya onyo. Haikuja. Baadaye kidogo, mchana wenye upepo, Mzee Malogo alibanwa vibaya. Mkumbo alikuwa amemzingira mfalme wake, na sauti yake kwenye simu ilikuwa tamu kama ya mtu anayekaribisha wageni. Mzee aliinama juu ya ubao muda mrefu. Ndipo ile sauti ya tatu ikaja, taratibu.

"Manyoni. Mtoe huyo malkia."

Mzee Malogo akanitazama, akatazama ubao, uso ukamfunguka. Akamtoa malkia. Mkumbo akamla, na baada ya hapo mfalme wa Mkumbo hakupata pa kukimbilia.

"Bwana kontrola," Mzee Malogo akasema, "kumbe na wewe una ubao."

"Mimi sina chochote na sikusikia chochote. Pitisheni treni zenu."

Kuanzia siku hiyo nikaomba kufundishwa upya. Nilikuwa nacheza kama nilivyofundishwa na Baba mdogo, yaani kwa kukumbatia. Mzee Malogo alinipokonya malkia kabla mchezo haujaanza akasema, "Cheza hivyo hivyo, ujifunze umaskini." Nilijifunza. Alinifundisha kwamba mtu akibanwa hujikunyata, na aliyejikunyata hupigwa pale pale mpaka anaisha. "Ukiona unakufa," alisema, "acha kuhesabu ulivyo navyo. Tazama mfalme wake amekaa wapi na nani anamlinda. Halafu mlinzi huyo mtafutie kazi nyingine." Na akaongeza jambo ambalo mimi nalishika hata leo: kutoa si kutupa. Ukimtoa askari, ujue umemtuma kufanya nini.

Dirisha la tiketi nalo lilinifundisha jambo lake, nalo ni uso. Abiria akikuuliza kama treni itafika leo, na wewe unajua haitafika, unahitaji uso ambao haumwongopei na haumwui. Nilikuwa na uso mzuri sana wa dirishani. Ulinisaidia baadaye.

Baada ya miaka nikahamishiwa Singida, nyumbani, na huko ndiko soko huria lilikonikuta. Ninyi mmezaliwa mkikuta kila kitu kinauzwa na kila mtu, hamuwezi kujua tulivyoshangaa. Jana duka lilikuwa na viberiti na chumvi, leo lina redio, sabuni za kunukia na marobota ya mitumba. Mabasi ya watu binafsi yakaja barabarani yakiwa na muziki. Kuku wetu wa kienyeji, waliokuwa wakisafiri kwa treni ndani ya matenga, wakahamia juu ya mabasi, nao wakionekana wamefurahi. Mimi dirishani nikawa nauza tiketi kwa wazee, wanafunzi, na watu waliogombana na makondakta.

Halafu wakaja wataalamu wa kupunguza wafanyakazi. Walikuwa watu wa heshima, wenye tai, waliosema "shikamoo" kwa wazee kabla ya kuwakata. Mzee Malogo alikuwa amebakiza kidogo tu kustaafu, wakamsogezea siku. Akahamia Singida kwa binti yake. Mkumbo wa Itigi naye wakampunguza. Mkewe alikuwa na genge la mandazi Singida mjini, kwa hiyo naye akaja kwetu. Ndipo nilipoona kutupa ni kitu gani. Waliwatoa watu wengi, na sikumsikia hata mtaalamu mmoja akisema wanakwenda kufanya nini.

Mkumbo aliendelea kuamka alfajiri. Aliendelea kupiga pasi. Mkewe aliniambia, "Dada Zuhura, anavaa sare, anakaa kitandani, ananitazama. Nifanye nini naye?" Nikamwambia amlete ukumbini.

Ukumbi ulikuwa jengo la wafanyakazi pembeni ya stesheni, chumba kirefu cha mbele na viwili vidogo nyuma, madirisha yasiyofunga, mabati yanayopiga kelele upepo ukija, na upepo wa Singida mnaujua. Mzee Malogo aliweka ule ubao wake mezani, Mkumbo akaketi mbele yake, na kwa mara ya kwanza walicheza wakitazamana. Walikuwa wamezoea simu kiasi kwamba mwanzoni Mkumbo bado alisema, "Itigi hapa." Wakaja wengine waliopunguzwa, mafundi, magadi wa treni, pointimeni wa kugeuza njia za reli. Walikuja asubuhi, wakarudi nyumbani jioni kama watu waliotoka kazini. Wake zao walinishukuru sokoni. Mkumbo akaanza kucheka tena. Sare aliendelea kuvaa, lakini sasa alikuwa na mahali pa kuipeleka.

Jengo likauzwa. Sina lawama, kila kitu kilikuwa kinauzwa, na aliyetaka kununua alinunua. Aliyenunua alikuwa Baba mdogo Hamisi. Duka lilikuwa limenenepa, alihitaji mahali pa kuweka marobota ya mitumba.

Nilikwenda dukani kwake nikiwa na kanga begani, kama mtoto wa ndugu anavyotakiwa kwenda.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuomba. Chumba cha nyuma kimoja, kile kidogo. Wazee wangu wakikaa humo hawatakudhuru."

"Wazee wanadhuru. Wanakaa. Kitu kinachokaa hakilipi." Akapima kitambaa cha mteja, akakata, akanirudia. "Wanafanya nini humo?"

"Wanacheza sataranji."

Hapo macho yake yakabadilika. Tangu babu afe hakuwa na mtu wa kucheza naye. "Huyo Mgogo anasemekana ni hodari," akasema.

"Cheza naye. Akikufunga, utupe chumba."

Akacheka. Baba mdogo hakuwa mjinga. "Na yeye sichezi. Nacheza na wewe. Ukinifunga, chumba chenu mpaka nife. Nikikufunga, kesho mnahamisha meza zenu na mnanisaidia kuingiza marobota."

Wateja walikuwa wamesikia, na yeye mbele ya wateja hakurudi nyuma kwenye neno lake. Nikakubali. Mkono mwepesi ulikuwa umekubali tena.

Tulicheza Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, ukumbini. Waliopunguzwa walisimama ukutani kama abiria walioambiwa treni inakuja. Mkumbo alikuwa na kofia yake. Baba mdogo alikuja na mto wake wa kukalia, na akajivutia karanga zote zilizowekwa kwa ajili ya wageni.

Nilianza vibaya. Nilipomwona ameketi mbele yangu, kilemba kimekaa vile vile kama zamani, nikawa tena mtoto wa dukani. Nikajikunyata. Akachukua askari. Akachukua askari mwingine. Akachukua tembo, yule wa kizibo cha wino, akampanga pembeni yake, mahali ambapo ningemwona vizuri. Malkia wake na ngome yake moja vikaanza kuja upande wa mfalme wangu. Nikahesabu: hatua mbili zaidi, na mfalme wangu amekwisha.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "marobota yanakuja kesho asubuhi. Mje mapema, kabla ya jua."

Mzee Malogo akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha akienda kusimama kwenye reli, mikono nyuma, akitazama upande ambao treni haikuwa ikitoka. Kwa kweli niliumia kuliko kama angenitukana.

Lakini kutoka kwake kulinizindua. Nikaacha kuhesabu vilivyobaki, maana havikuwa vingi. Nikamtafuta mfalme wa Baba mdogo. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, pembeni, mbele yake askari watatu ambao hawakuwahi kusogezwa tangu mchezo uanze. Baba mdogo hakupenda kusogeza mali bila sababu. Hao askari walimlinda mfalme vizuri na wakamzibia njia vizuri vilevile. Ngome yangu ikifika kwenye mstari ule wa nyuma, mfalme hana pa kutokea. Walioizuia isifike walikuwa wawili: malkia wake, ambaye hata akishambulia kwangu angeweza kurudi, na ngome yake ya pili iliyobaki nyumbani.

Walinzi wawili. Wote wawili wa mtu asiyekataa cha bure.

Nikamshika farasi wangu nikampeleka kona ya mbali, mahali ambapo hakuna aliyemlinda, na malkia wa Baba mdogo angeweza kumfikia. Kisha nikavaa ule uso wa dirishani, wa treni haitafika leo, nikashusha pumzi. Sikusema uongo wowote. Kupumua si uongo.

Baba mdogo akamtazama farasi. Akamtazama mfalme wangu. Akanitazama mimi.

"Umemwacha huyu."

"Nimeshaweka, Baba mdogo."

"Ukishaweka umeweka. Mfalme wako hakimbii, yupo tu. Nianze na huyu." Na malkia wake akasafiri mpaka kona ile, akamla farasi, akabaki huko, mbali na mashambulizi na mbali na nyumbani.

Ukutani mtu mmoja akasonya. Mkumbo alivua kofia, akaivaa tena. Nadhani yeye alikuwa ameanza kuona.

Nikamshika malkia wangu. Mtu anaweza kuzoea kutoa askari; malkia ni jambo jingine, hasa wa kwako akiwa wa mwisho mwenye nguvu. Nikamsogeza mpaka mbele ya ngome yake iliyobaki nyumbani, wazi kabisa, kama sahani ya pilau mlangoni.

Baba mdogo alisimamisha karanga njiani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisita. Ninakiri nilimwonea huruma. Niliona akili yake ikimwambia kitu, na mkono wake ukimwambia kingine, nao mkono ulikuwa na uzoefu mkubwa zaidi.

"Zuhura," akasema, "wewe una homa?"

"Kidogo, Baba mdogo."

Akamla malkia kwa ngome. Akamweka pembeni karibu na tembo, akajifuta midomo.

Nikaishika ngome yangu, nikaipeleka moja kwa moja mpaka mstari wa nyuma, kwenye nyumba yake ambayo sasa haikuwa na mtu.

"Cheki," nikasema.

Akatafuta pa kumsogeza mfalme. Askari wake watatu walikuwa wamesimama mbele yake, hawajachoka, hawajafanya kazi hata siku moja. Akatafuta wa kuja kuziba. Malkia wake alikuwa kona ya mbali na farasi tumboni, na ngome iliyomla malkia wangu ilikuwa imeacha mstari. Akarudia kutafuta. Juu yetu mabati yakapiga kelele.

Ni Mkumbo aliyesema, kwa ile sauti yake ya simu: "Itigi hapa. Mfalme amekufa."

"Kwa ugonjwa gani?" mtu akauliza kutoka mlangoni. Mzee Malogo alikuwa amerudi, akidhani anakuja kunipa pole.

Hakuna aliyemjibu, maana Baba mdogo alikuwa mtu mzima na tulikuwa na adabu. Lakini watu walitazama chini kwa muda mrefu sana, na mabega yao yalitikisika.

Baba mdogo aliinuka, akachukua mto wake. "Chumba ni chenu," akasema. "Mimi neno langu ni moja." Akatoka. Mzee Malogo akaja akaketi mahali pake, akamuuliza Mkumbo hatua zilivyokwenda, akapanga upya kete kama zilivyokuwa kabla sijamtoa farasi, akaangalia, akatikisa kichwa. "Kama angeacha farasi ungekuwa umekufa," akasema.

"Najua, mzee."

"Basi vizuri. Nilidhani hujui."

Asubuhi yake tulikwenda kuhamia chumba cha nyuma, tukakuta hakina mlango. Bawaba zilikuwa zimeng'olewa kwa uangalifu, kila msumari. Nikaenda dukani.

"Baba mdogo, mlango uko wapi?"

"Tulicheza kwa ajili ya chumba. Mlango ulitajwa?"

Haukutajwa. Nilirudi nikawaambia wazee, na Mzee Malogo akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema huyo sasa ndiye mchezaji, amebanwa na bado amepiga.

Tukaishi bila mlango. Mbuzi waliingia wakala karatasi zetu. Upepo ulipuliza vumbi juu ya ubao na kuwaangusha askari wa vizibo, tukagombana nani alikuwa wapi. Lakini Mkumbo alikuja kila siku na sare yake, na wenzake wakaja. Kisha Baba mdogo naye akaanza kupita, eti kukagua marobota. Alisimama, akatazama, akasema kwamba Mkumbo amekosea. Baadaye akaleta mto. Baadaye akawa anaondoka dukani mchana na kuwaachia wanawe, nao pia wakanishukuru sokoni. Siku moja upepo uliangusha mfalme wake katikati ya mchezo aliokuwa anaelekea kumfunga Mzee Malogo, na Mzee Malogo akasema mfalme akianguka mwenyewe amejiuzulu. Baba mdogo aliondoka bila kuaga.

Keshoye akaja fundi na mlango. Mlango mpya, wa mninga, wenye kitasa. Sote tulisimama kuutazama unavyofungwa, na Mkumbo akapiga saluti. Fundi alipomaliza upande wa ndani akatugeuzia upande wa nje, unaotazama njia ya abiria wote wanaoshuka kwenye treni. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na kwa herufi nyeupe kubwa umeandikwa: HAMISI STORES, MITUMBA SAFI NA KANGA, BEI NAFUU, KARIBU WOTE.

Nikakumbuka tulikuwa tumekubaliana chumba ni chetu mpaka afe. Tangazo hatukulikataza. Basi, vijana, kila asubuhi kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, mimi mshindi na mshika ufunguo, niliyevaa sare ya reli, nilimfungulia Baba mdogo duka lake.